Ghorofa mia moja kwenda Garfield: shajara ya siku ya kuzaliwa ya Baba

Machi 9

Leo mradi umepata tarehe, kwa hiyo naanza kuuandikia. Baba anatimiza miaka 70 tarehe 26 Julai. Wiki nzima nimekuwa nikimzungushia maswali ya zawadi, naye ananijibu kwamba hana anachohitaji. Leo mchana, tukiwa tumenyamaza tu, akasema: "Mwanangu, kama unataka kunifurahisha, nipeleke nikalione lile ziwa langu." Hakulitaja jina, wala hakuwa na haja ya kulitaja.

Baba alifundisha jiografia miaka 31. Kila mwaka somo la volkano likifika alikuwa anageukia ubao, anachora mlima mkubwa wenye ncha, kisha anafuta ncha kwa kiganja cha mkono, anachora maji ndani ya shimo lililobaki, na chini anaandika: Crater Lake, Oregon. Mimi nilikaa katika darasa lake mwaka mmoja na mchoro ule niliunakili kama wengine. Yeye mwenyewe alilijua ziwa lile kwa ramani na kwa picha moja ya kitabu, basi.

Jioni amemchorea binti yangu, ana miaka tisa, kwenye ubao wake mdogo. Mlima, ncha, kiganja, maji. Katikati ya maji kisiwa chenye umbo la pia iliyopinduliwa. Akamweleza kwamba mlima ule uliitwa Mazama baadaye, kwamba ulikuwa na kimo cha mita 3,700 hivi, na kwamba miaka kama 7,700 iliyopita ulilipuka, ukatapika magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, iliyokuwa chini yake hadi tumbo likabaki tupu.

"Sasa mjukuu wangu, nyumba ukiiondolea nguzo, paa linakwenda wapi?"

"Linaanguka ndani, Babu."

"Basi hiyo ndiyo kaldera."

Kazi yangu ni hii: siku anapotimiza 70, Baba awe amesimama juu ya ukingo wa shimo lile, kwa miguu yake, na arudi chini bila kubebwa.

Machi 16

Tumekaa na ramani saa nzima. Kufika ukingoni si kazi, gari linafika. Ila Baba hataki kuliona ziwa kutoka dirisha la gari. Anataka kupanda.

Njia ya Watchman ni fupi, kama kilomita 2.6 kwenda na kurudi, unapanda mita 128 hivi, na juu kuna kibanda cha walinzi wa moto cha miaka ya 1930. Njia ya Garfield ni kama kilomita 5.5 kwenda na kurudi, unapanda kama mita 308, na kilele kiko mita 2,455 juu ya usawa wa bahari. Mount Scott ndiyo kilele kirefu kuliko vyote katika hifadhi ya ziwa hilo, mita 2,721, lakini kimejitenga upande wa mashariki, na ziwa unaliangalia kwa mbali. Iko pia ya Cleetwood, njia pekee iliyojengwa kushuka hadi kwenye maji yenyewe. Hiyo inaanza kwa kushuka zaidi ya mita 200, halafu unazipanda ukiwa umeshachoka. Nimeifuta siku hiyohiyo.

Mimi nilitaka Watchman. Baba akachukua penseli. Uso wa ziwa uko mita 1,882. Akatoa kwenye 2,455, akapata 573. Kisha akaandika pembeni kina cha ziwa, mita 594, ambalo ndilo lenye kina kuliko yote Marekani.

"Unaona? Nikisimama Garfield, maji yatakuwa chini yangu karibu sawasawa na jinsi yenyewe yanavyokwenda chini. Hapo ndipo nitajua kina chake. Si kwa kuambiwa."

Sikuwa na la kujibu. Garfield imepita, Watchman ni akiba.

Muda nimeukadiria kwa kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano za ardhi, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Garfield inakuja saa moja na dakika kama tano kufika juu. Hiyo ni kwa mtu mwenye nguvu zake anayeenda bila kusimama. Nimeandika saa mbili na nusu, na sitaipunguza hata Baba akinilalamikia.

Machi 23

Daktari wake amempima na kumruhusu afanye mazoezi, mradi aongeze polepole na asimame akisikia kifua au kizunguzungu. Tatizo ni kwamba tunakoishi ni tambarare, karibu na usawa wa bahari. Mlima tutautoa wapi?

Baba ameupata kwenye ngazi za jengo letu. Alishuka na rula, akapima kipandio kimoja: sentimita 17. Akahesabu kutoka chini hadi ghorofa ya kwanza: vipandio 18. Mara 17, sentimita 306. "Mita tatu na kidogo," akasema, "kwa hiyo Garfield ni ghorofa hii moja mara mia." Hesabu haina kasoro: mara mia ni mita 306.

Toka leo mradi una kipimo. Kwenye ukuta wa saruji chini ya ngazi Baba anaweka vijiti kwa chaki, kimoja kila akipanda ghorofa ile, vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao. Leo ana vijiti kumi na hakuhema sana.

Aprili 20

Ngazi 35 kwa mara moja, yaani ghorofa ile moja mara 35, Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Majirani wamemzoea, na mmoja anamuuliza kila akipita: "Mzee, leo umefika wapi?" Naye anajibu kwa mita.

Kosa la mwezi huu ni langu. Nilimnunulia viatu vya mlimani saizi ileile ya viatu vyake vya kila siku. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kwenye kipandio cha mwisho, soksi mkononi, ana lengelenge kisiginoni ukubwa wa kifungo cha koti, limejaa maji. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa umeanza kuwa na weusi. Hakuwa ameniambia, kwa sababu viatu ni zawadi yangu na hakutaka kuniumiza. Hilo limeniuma kuliko angesema.

Mguu huvimba ukitembea, na ukishuka mlima unateleza mbele ndani ya kiatu. Kiatu cha mlimani lazima kibaki na nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole, ukishapiga soksi nene. Tumebadilisha, namba moja kubwa zaidi. Lengelenge hatukulitoboa, tumelifunika, na amepumzika siku nane. Nimemwomba aniahidi kwamba chochote kitakachomuuma kuanzia sasa atakisema palepale, na yeye ameahidi.

Mei 18

Tumeangalia picha za kamera ya hifadhi. Mei hii, na ukingo bado umezama kwenye theluji! Mwaka wa kawaida huanguka kama mita 12 za theluji pale juu. Barabara ya kuzunguka ziwa kwa kawaida haifunguki yote mpaka Julai, na njia za vileleni nazo huchelewa. Tarehe 26 Julai tumebahatika nayo, angekuwa amezaliwa Juni mradi huu usingekuwapo.

Binti yangu aliuliza kama ziwa lenyewe nalo limeganda. Baba alifurahi sana kuulizwa. Haligandi kirahisi, akamwambia, maana ni pipa kubwa la joto la kiangazi. Mara ya mwisho kuganda lote ilikuwa 1949. Na hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Ni mvua na theluji tu, miaka na miaka, mpaka kile kinachoingia kikalingana na kinachokwenda hewani na kinachopenya kwenye mawe. Kulijaza kulichukua karne kadhaa.

"Karne kadhaa Babu? Kwa mvua tu?"

"Kwa mvua na kwa subira."

Juni 8

Ngazi 60. Mapafu yako sawa. Goti la kushoto ndilo linaloongea, na linaongea wakati wa kushuka. Nilifikiri kupanda ndiyo mtihani, kumbe kupanda kunataka pumzi na kushuka kunataka mapaja: kila hatua msuli wa mbele ya paja unajivuta huku ukirefushwa, unakuwa breki ya mwili mzima, na ukichoka goti ndilo linalopokea kishindo.

Kwa hiyo tumegeuza mazoezi. Badala ya kupanda kwa kasi na kushuka ovyo, Baba anapanda taratibu na kushuka taratibu zaidi, akihesabu moja mpaka mbili kwa kila kipandio. Nimemletea fimbo mbili za kupandia mlima, zile zinazorefushwa na kufupishwa. Mkongojo alishaukataa zamani, lakini hizi amezikubali bila neno, maana zinashikwa mbili na zina kazi inayoelezeka: kupanda unazifupisha, kushuka unazirefusha ili zitangulie chini na kupokea sehemu ya uzito kabla ya goti.

Juni 29

Ngazi 85. Goti limenyamaza.

Julai 5

Mia! Saa moja na dakika hamsini, pamoja na vituo vinne vya maji. Kijiti cha mwisho alimpa mjukuu wake akiweke yeye, akakilaza juu ya vinne kwa mkono uliokuwa unatetemeka kwa furaha. Nilisimama kwenye kipandio cha chini na macho yakajaa. Ukuta ule sasa una mafungu ishirini ya wiki hii, yamekaa safu nne, nadhifu kama rejista ya darasa.

Kitu kimoja ngazi haziwezi kutufundisha: hewa. Kwenye mita 2,400 shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa robo. Mtu wa tambarare analihisi. Dawa yake ni kufika jana yake, kulala maeneo ya juu, kunywa maji ya kutosha, na kwenda kwa mwendo unaoweza kuongea. Baba akiwa anaweza kunifundisha njiani, mwendo ni sahihi.

Julai 18

Moshi. Kuna mioto ya msituni na upepo unausukuma kuelekea ziwani. Kwenye kamera ya hifadhi leo hakuna ziwa. Kuna weupe wa kijivu, na mahali palipokuwa na ng'ambo hapana kitu.

Sikuandaa hili vya kutosha, ingawa kila mtu anayelijua eneo lile anajua kwamba mwishoni mwa Julai na Agosti ndio msimu wa moto. Nimeweka mpaka sasa, kabla moyo haujaanza kubembeleza: kipimo cha ubora wa hewa kikizidi 100 hatupandi, kwa sababu kuanzia hapo hewa haifai kwa wazee na watoto, na sisi tuna mzee na mtoto. Kikizidi 150 hata mimi sipaswi kuwa nje. Leo kimesoma 162.

Nilimwendea Baba nikiwa nimejiandaa kumfariji. Alikuwa anasafisha darubini yake kwa kitambaa. "Ziwa limekaa miaka elfu saba," akasema, "halitashindwa kuningoja wiki moja." Halafu akaendelea kusafisha, na nikaona kwamba kioo kilekile amekipangusa mara tatu.

Julai 23

Upepo umegeuka tangu juzi usiku. Leo kipimo 41, na kamera inaonyesha mstari wa ng'ambo ya ziwa mkali kama uliokatwa kwa mkasi. Tunakwenda.

Mizigo: maji lita mbili kwa kila mtu mzima na moja na nusu kwa mtoto, kwa kuwa njiani hakuna pa kujaza. Koti la upepo kwa kila mmoja, maana joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita elfu unazopanda. Kofia, miwani, na krimu ya jua, kwa kuwa mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa kama sehemu moja ya kumi kwa kila mita elfu. Plasta za malengelenge. Dawa za Baba katika mfuko wangu wa kifuani, si kwenye begi. Darubini.

Keki tuliijadili sana. Keki nzima haifiki. Nimeoka vikeki vidogo, kila kimoja kwenye kijibakuli chake cha kufunga. Mishumaa inabaki nyumbani. Kiangazi kikavu, misonobari, moshi wa wiki iliyopita: siwezi kuwasha hata kijiti cha kibiriti pale juu na nikajiheshimu.

Kanuni mbili nimeziandika nyuma ya ramani na Baba ametia sahihi. Saa 5:30 popote tulipo tunageuka, kwa kuwa ngurumo za kiangazi hujengeka baada ya adhuhuri na kilele si pa kuwapo radi ikianza. Na yeyote kati yetu watatu akisema turudi, tunarudi, hakuna mabishano.

Julai 25, usiku

Tumefika gizani kwa makusudi ya Baba. Hakutaka kuliona ziwa jioni hii, akasema atalala vibaya. Hewa inakata pua. Kichwa chake hakimuumi, nimemuuliza mara mbili, ya tatu amenikataza.

Julai 26

Saa 2:10 asubuhi tuko mwanzo wa njia, mashariki kidogo ya ile hoteli ya zamani iliyojengwa ukingoni. Mpaka pale Baba alikuwa ameshalitazama ziwa kwa mara ya kwanza, na sijui niliandike vipi. Alitembea hadi kwenye ukuta wa mawe, akaweka mikono yote miwili juu yake, akasimama. Binti yangu alitaka kumkimbilia nikamshika bega. Zilipita dakika kadhaa. Alipogeuka alisema neno moja: "Buluu."

Na ni kweli neno lingine halipo. Si rangi ya anga iliyoangukia majini. Maji yenyewe ni safi na yana kina, yanameza wekundu na manjano ya mwanga na kurudisha buluu peke yake. Wanaolipima huzamisha kisahani cheusi na cheupe mpaka kipotee machoni, na pale kisahani huonekana hata mita 30 chini. Katika atilasi ya Baba ziwa hili lilichapishwa kwa samawati ileile ya maziwa yote. Ameniambia hilo njiani kama mtu anayedai haki ya mtu mwingine.

Kupanda kulikwenda kama tulivyofanya kwenye ngazi. Hatua fupi, kituo kila robo saa. Njia inazungukazunguka ubavuni, mara inakuonyesha ziwa, mara inakuficha. Kwenye kona moja Baba aliinama akaokota jiwe la kijivu ukubwa wa ngumi, akampa mjukuu wake. Mtoto alikaza mkono kulipokea na mkono ukaruka juu, maana jiwe lilikuwa jepesi kama mkate mkavu. Lote matundu matundu. "Hayo ni mapovu ya gesi," Babu yake akamwambia, "magma ilitoka ikichemka kama soda iliyotikiswa, ikagandia hewani. Umeshika mlima wenyewe." Alilipuliza vumbi, akalisugua na kidole, akalinusa. Halafu akalirudisha palepale alipolitoa, kwa upande uleule, kwa kuwa hifadhini hakuna kuchukua kitu, na Baba hajawahi kuivunja sheria mbele ya mwanafunzi.

Karibu na juu misonobari inakuwa mifupi na iliyopinda kwa upepo, yenye magome meupe. Ndege wa kijivu mwenye mabawa meusi alikuwa akitoboa mbegu zake kwa fujo kubwa. Ndege huyo huzichimbia ardhini mbegu nyingi kuliko atakazokumbuka, na zile alizosahau ndizo zinazoota. Msonobari huo umeingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya miti iliyo hatarini Marekani, kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu ulioletwa kutoka nje, mbawakawa, moto na joto. Nilitamani tungekaa zaidi chini yake.

Kisha theluji. Kipande kimoja tu, kirefu kama basi, kimejificha kivulini, na njia inapita katikati yake. Kilikuwa na michirizi ya waridi. Binti yangu alidhani ni damu ya mnyama. Ni vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinaishi kwenye theluji inayoyeyuka na vina rangi nyekundu ya kujikinga na jua. Baba alivua glavu, akabonyeza kiganja chake chote kwenye theluji, akakiangalia kiganja kimegeuka chekundu kwa baridi, akacheka kwa sauti. Miaka 70, Julai, na theluji mkononi. Tulivuka mmoja mmoja, mimi upande wa bondeni.

Saa 4:25 tukafika. Saa mbili na dakika kumi na tano, ndani ya makadirio.

Sitaeleza kila kitu tulichokiona, nitaeleza alichokitazama Baba. Kwanza alitazama chini, wima, kwa muda mrefu, na nikajua anazipima zile mita 573 na kuzishusha tena ndani ya maji. Kisha alitafuta kwa darubini ile miamba wanayoiita Phantom Ship, ambayo ni masalia ya mlima wa zamani, miaka kama 400,000. Ina kimo cha jengo la ghorofa kumi na kitu, na kutoka juu ilikuwa mashua ya karatasi. Kisha akaanza kumtafuta Mzee.

Mzee wa Ziwa ni gogo. Linaelea likiwa limesimama wima, kama mita tisa, na sehemu inayotoka juu ya maji haizidi kimo cha mtoto. Lilitajwa mara ya kwanza kwa maandishi mwaka 1896 na bado linatembea humo. Mwaka 1938 walilifuatilia kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba na likawa limesafiri angalau kilomita 100, mara nyingine likienda kinyume cha walivyotarajia. Baba amekuwa na jambo na gogo lile tangu nimsomee habari zake mwezi Mei. Alitafuta dakika ishirini, robo kwa robo ya ziwa, kama anasahihisha karatasi. Hakulipata. "Amelala," akasema, na akashusha darubini bila huzuni.

Nilimsimulia mjukuu wake, maana Baba alinipa zamu, kwamba watu walikuwapo mlima ulipoanguka. Mwaka 1938, mashariki ya hapa, mwanaakiolojia Luther Cressman alichimbua ndani ya pango la Fort Rock makumi ya ndara zilizosukwa kwa nyuzi za magome, zimefunikwa na majivu ya Mazama. Nyingine zina zaidi ya miaka 9,000. Wenyeji wa nchi hii, Waklamath, wamehifadhi simulizi ya Llao wa chini ya ardhi aliyepigana na Skell wa juu mpaka mlima ukamwangukia Llao, na ziwa kwao ni mahali patakatifu. Baba alivua kofia niliposema hivyo, akaishika mkononi hadi nilipomaliza.

Tukala vikeki. Kindi mmoja wa milia alisogea mpaka kwenye kidole cha kiatu changu na hatukumpa kitu, ingawa macho yake yalikuwa ya kuomba. Tukamwimbia Baba bila mishumaa. Watu wawili waliokuwa wamekaa jiwe la mbali wakapiga makofi.

Ndipo binti yangu, aliyekuwa kimya, akauliza: "Babu, mbona kisiwa hakipo katikati?"

Sote tukatazama. Wizard Island iko magharibi, karibu na ukingo kabisa, kilima safi cha majivu kilichotoka majini kimo cha mita 230 hivi, na kasoko yake ndogo juu. Mashariki yake maji matupu, kilomita na kilomita. Baba aliangalia kisiwa, akaangalia ziwa lote, akarudi kwenye kisiwa. "Umeona vizuri," akamwambia. "Umeona vizuri sana." Na hakusema tena mpaka tulipoanza kushuka, saa 5:15.

Kushuka saa mbili na dakika tano. Fimbo tulizirefusha. Goti la kushoto liliongea kwenye theluji na mara moja baadaye, akanitamkia palepale kama alivyoahidi, tukakaa. Saa sita mawingu yalianza kupanda marefu upande wa kusini, na saa 7:20 tulipogusa lami ngurumo ya kwanza ilisikika mbali.

Julai 28

Tumerudi. Kucha zote kumi za miguu ziko salama, nimezikagua mwenyewe. Shingo yangu imeungua kwa sababu krimu niliipaka mara moja tu asubuhi nikaona inatosha. Kwa safari nyingine ningechukua vituo virefu zaidi kwenye miti, na ningeacha nyumbani nusu ya vyakula.

Goti linafungwa barafu jioni kwa jioni na linapungua.

Leo asubuhi nimemkuta Baba mezani, ubao mdogo wa mjukuu wake mbele yake, mchoro wa Machi bado upo. Alifuta kile kisiwa cha katikati kwa kiganja, akapuliza vumbi la chaki, akakichora upya upande wa magharibi, karibu na ukingo. Akarudi nyuma kidogo kukitazama. Kisha akakifuta tena, akakisogeza nusu kidole zaidi.